Wote kwa Pamoja: Handeni, Korogwe na Historia ya Amri Moja

Mwaka 1976 ulikuwa mwaka wa mwisho wa amri. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi katika vijiji si suala la hiari tena, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wamekwisha kuhamia humo. Handeni, Korogwe, Pangani, Lushoto: kila wilaya ilipewa amri ileile na kalenda ileile. Mwaka huohuo wa 1976, katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, kijana mmoja aitwaye Stuart Feldman alijifungia mwishoni mwa juma akatunga programu ndogo ya kompyuta. Aliiita Make.

Mambo haya mawili hayakujuana, wala sitaki kuyaoza kwa nguvu. Feldman hakuwahi kuisikia Handeni, na Mwalimu alikuwa na mengi ya kushughulikia kuliko programu za kompyuta. Hata hivyo wote wawili walikuwa wanajibu swali moja, nalo ni swali la utawala kabla halijawa swali la ufundi: unapokuwa na kazi nyingi na unataka zikamilike upesi, ni zipi zinaweza kwenda sambamba, na ni ipi lazima ingoje nyingine? Feldman aliliandikia jibu katika faili. Sisi hatukuliandika popote, na Handeni ililipa gharama yake. Leo swali limerudi katika wilaya hizohizo likiwa limevaa nguo nyingine. Limekuja kama seva.

Mtumishi yeyote wa halmashauri anaijua tarehe 1 Julai. Siku hiyo mwaka mpya wa fedha unaanza kwa wote. Mkoa wa Tanga una halmashauri 11, na nne kati yake ziko katika wilaya mbili ninazozizungumzia: Halmashauri ya Wilaya na ya Mji Handeni, Halmashauri ya Wilaya na ya Mji Korogwe. Kila moja inapaswa kuamka na kasma zilezile za bajeti, mpangilio uleule wa hesabu na haki zilezile za watumiaji, huku kila moja ikibaki na akaunti zake za benki, kata zake, zahanati zake na shule zake. Ukizidisha kwa nchi nzima unapata halmashauri 184. Kitu kilekile kinapaswa kufika kila mahali usiku mmoja, na kila mahali kina upekee wake. Mafundi wa kompyuta wanapozungumzia kusambaza mipangilio ya seva kwa sambamba, wanalizungumzia jambo hili.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mfumo wa uhasibu wa Epicor ulipoanza kuingia katika serikali za mitaa, seva ilikaa ndani ya halmashauri yenyewe, mara nyingi katika chumba kilichofungwa ambacho ufunguo wake ulikuwa kwa mtu mmoja. Mfumo wa mipango na bajeti, PlanRep, katika matoleo yake ya awali ulisimikwa kwenye kompyuta za kila halmashauri, na takwimu zikishakamilika zilibebwa hadi mkoani na hadi Dodoma. Watumishi walisafiri na bajeti kama wasafiri na mizigo yao. Badiliko moja likitolewa na wizara, fundi alilifikisha kwa zamu: leo Muheza, kesho Korogwe, keshokutwa Handeni. Na tukumbuke kwamba barabara ya lami ya kilometa 65 kati ya Korogwe na Handeni ni jambo la juzi tu. Kabla yake safari hiyo wakati wa masika ilikuwa na tabia zake.

Utaratibu wa zamu una ubaya unaofahamika. Fundi anapoikamilisha halmashauri ya 11, ile ya kwanza imekwisha kubadilishwa na mtu mwingine aliyekuwa na haraka ya kulipa mishahara. Hakuna aliyefanya hila. Ni marekebisho madogo, moja hapa na moja pale, lakini baada ya miaka mitatu hakuna seva mbili zinazofanana, na hakuna anayeweza kusema zinatofautiana wapi. Mwaka 1993 Mark Burgess, katika Chuo Kikuu cha Oslo, aliutazama ugonjwa huu kwenye kompyuta za chuo chake akatunga CFEngine. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitimiza: usiiambie seva ifanye nini, iambie inapaswa kuwa katika hali gani; kisha amri ileile irudiwe mara kumi au mara mia, na kila mara iirudishe seva kwenye hali hiyo bila kuharibu kitu. Puppet ya 2005 na Ansible ya 2012 ni wajukuu wa wazo hilo.

Lakini kuijua hali unayoitaka hakukupi njia ya kufika kwa wote kwa wakati. Hapa ndipo mafundi wengi wenye bajeti finyu walipomrudia Feldman.

Kisa cha kuzaliwa kwa Make kinafurahisha kwa sababu ni kisa cha uchovu wa ofisi. Mwenzake Feldman, Steve Johnson, alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo kumbe ilikwisha kusahihishwa. Faili lililosahihishwa halikuwa limegeuzwa upya kuwa lugha ya mashine, kwa hiyo alikuwa anaijaribu programu ya jana. Feldman akaona kwamba tatizo si uzembe wa Johnson. Tatizo ni kwamba hakuna mahali palipoandikwa kitu gani kinategemea kitu gani. Faili la Make, kwa hiyo, ni orodha ya mategemeo: hiki kinahitaji kile na kile, kile kikibadilika, hiki kifanywe upya, na hii ndiyo amri ya kukifanya. Mistari ya amri aliiwekea alama ya nafasi ya tabu mwanzoni. Wiki chache baadaye aligundua kwamba tabu ni uamuzi mbaya unaowasumbua watu, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama 12 hivi, wengi wao marafiki, naye hakutaka kuwaudhi. Karibu miaka 50 sasa mamilioni ya watu duniani wanaihangaikia tabu ileile. Wenzangu wanaosoma historia ya mipaka ya wilaya na makao makuu ya kata watakielewa kisa hiki bila maelezo zaidi.

Orodha hiyo ya mategemeo ikishaandikwa, inatoa zawadi ambayo si kila mtu aliitarajia. Kama faili linasema kwamba kazi A na kazi B hazitegemeani, basi hakuna sababu ya B kuingoja A. Zifanywe pamoja. Katika GNU Make, toleo lililosambaa kuliko yote, unaandika herufi j na namba: j 4 ina maana kazi nne kwa wakati mmoja. Sasa badala ya mafaili ya programu, weka majina ya seva. Handeni Mji ni lengo moja, Handeni Wilaya lengo la pili, Korogwe Mji la tatu, hadi 11. Kila lengo lina amri yake ya kupeleka mipangilio na kuthibitisha kwamba imepokelewa. Unaandika neno moja, na halmashauri nne zinahudumiwa kwa mpigo. Ya kwanza ikimaliza, ya tano inaingia. Ukiongeza herufi k, kushindwa kwa Pangani hakuizuii Lushoto. Ukiongeza n, programu inakuonyesha tu ambacho ingefanya, bila kugusa chochote. Programu yenyewe haiuzwi, na inapatikana katika karibu kila kompyuta ya Linux. Jina la chombo kinachotumika Dodoma si hoja yangu. Kanuni ni ileile kwa vyombo vyote.

Namba ile baada ya j inastahili neno. Anayeingia katika kazi hii mara ya kwanza hudhani kwamba kubwa ni bora: kwa nini nne, kwa nini si 184? Kwa sababu wote wanapita mlango mmoja. Seva ya katikati ni moja, na njia ya mawasiliano ina upana wake. Jibu la GNU Make kwa tatizo hili, katika toleo la 3.78 la mwaka 1999, lingemfurahisha mkuu yeyote wa stesheni ya Korogwe. Korogwe ilifikiwa na reli ya kutoka Tanga mwaka 1902, na reli hiyo ni ya njia moja. Katika njia moja treni mbili zikiingia kipande kimoja kutoka pande mbili, yanayofuata hayahitaji maelezo. Reli nyingi za dunia zililitatua hilo kwa kumpa dereva kitu cha kushika mkononi, kijiti au kipande cha chuma: asiyekishika haingii katika kipande hicho cha njia, na akitoka anakirudisha. GNU Make hufanya hivyohivyo. Kuna mfuko wa vibali, na kazi isiyopata kibali hungoja nje. Wataalamu wa kompyuta hawakuficha walipolitoa wazo la namna hii. Miaka ya 1960 Edsger Dijkstra, Mholanzi, alipotunga njia ya kuzuia kazi zisigongane, aliipa jina la mikono ya ishara za reli.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Kufanya kazi kwa zamu huficha makosa ya mpangilio. Tuseme faili lako limesahau kuandika kwamba kazi C inaitegemea kazi B. Ukizifanya moja baada ya nyingine kwa utaratibu wa orodha, A kisha B kisha C, hakuna litakaloharibika. B itakuwa imekwisha C itakapoanza. Utafanya hivyo kwa miaka kumi ukiamini kwamba faili lako ni sahihi, kumbe umeokolewa na bahati ya mpangilio. Siku utakapoandika j 4, C itaanza kabla B haijamaliza, na kila kitu kitaanguka. Fundi asiye na subira atasema kwamba usambamba ndio uliovunja. Haukuvunja. Umefichua tegemeo ambalo lilikuwapo siku zote na hakuna aliyeliandika.

Tuitazame Handeni kwa jicho hilo.

Vijiji vya ujamaa havikuanza Handeni kwa amri ya 1973. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na skimu ya makazi na mkonge Kabuku, na mwishoni mwa muongo huo, baada ya Azimio la Arusha, vijiji vilianza kuundwa katika sehemu mbalimbali za wilaya. Michaela von Freyhold, aliyevichunguza vijiji vya Mkoa wa Tanga na kuchapisha kitabu mwaka 1979, anaonyesha jinsi vilivyotofautiana kati ya kijiji na kijiji, kutegemea nani walianzisha, kwa nini, na walikuwa na nini mkononi. Huo ulikuwa utaratibu wa zamu. Nchini kote mambo yalikwenda hivyo: Rufiji mwishoni mwa miaka ya 1960, Dodoma 1971, Kigoma 1972. Kila operesheni ilikuwa na makosa yake, lakini kulikuwa na nafasi ya kuyaona kabla ya kwenda kwingine. Kisha 1974 ikaja namba kubwa baada ya j. Nchi nzima, kwa pamoja.

Mategemeo gani hayakuandikwa? Yalikuwa mengi, na Wazigua wa Handeni waliyajua. James Giblin, katika kitabu chake cha 1992 juu ya historia ya mazingira ya Handeni kati ya 1840 na 1940, anaonyesha kwamba jinsi watu walivyokaa, walivyofyeka na walivyochunga ilikuwa sehemu ya kuwadhibiti mbung'o na kupe. Makazi yalipovurugwa na njaa na utawala wa kikoloni, vichaka vilirudi, na maradhi ya mifugo yakarudi navyo. Makazi yaliyotawanyika, ambayo ofisa aliyatazama akaona vurugu, yalikuwa na sababu. Shamba lilitegemea udongo fulani, nyumba ilitegemea kisima fulani, na umbali kati ya familia ulitegemea mvua isiyoaminika. Unaweza kubishana na sababu hizo. Huwezi kuzikuta katika kalenda ya operesheni.

Tegemeo lililokuwa wazi kuliko yote ni maji. Handeni ni wilaya kavu. Ukiwakusanya watu mahali pamoja, visima vilivyotosha kwa kaya zilizotawanyika havitoshi tena, na hili halihitaji shahada. Mradi mkubwa wa maji wa Handeni, unaofahamika kwa herufi HTM, ulijengwa katika miaka hiyohiyo ya 1970, na chanzo chake hakiko Handeni. Kiko Mto Pangani, upande wa Korogwe. Maji husukumwa kutoka huko na kupandishwa hadi vijiji vya Handeni. Yaani kijiji kilitegemea bomba, bomba lilitegemea pampu, pampu ilitegemea nishati na vipuri, na vyote vilitegemea mto ulioko wilaya nyingine. Mnyororo huo ungeandikwa katika faili la Feldman, kuhama kwa watu kungekuwa mstari wa mwisho. Sisi tuliuweka wa kwanza, tena huku ukame wa 1973 hadi 1975 ukiilazimisha nchi kuagiza nafaka nyingi kutoka nje.

Nani angeliandika faili? Hapa historia inauma zaidi. Mwaka 1972, miaka miwili kabla ya kuhamahama, halmashauri zilifutwa. Serikali, kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani, ilianzisha utaratibu uliopewa jina la Madaraka Mikoani, na maofisa wa serikali kuu wakachukua nafasi ya madiwani. Jina lilisema madaraka yanakwenda chini. Kilichokwenda chini ni watumishi. Baraza ambalo mtu wa Kwamsisi au wa Mkata angeweza kusimama na kusema "huko mnakotupeleka hakuna maji" halikuwapo tena. Chama kilikuwapo, na wako watu waliosema kupitia chama, lakini chama hichohicho ndicho kilichokuwa kinasimamia tarehe. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za 1982, zikaanza kazi 1984. Wakati huo kila mtu alikuwa amekwisha kuhama, na wengine walikuwa wamekwisha kurudi.

Naomba nieleweke. Simo katika kundi la wanaouona ujamaa wote kama wazimu, na nadhani James Scott, katika kitabu chake maarufu cha 1998, anazitazama sana ramani na kuzitazama kidogo shule na zahanati ambazo wazee wetu wengi walizipata kwa mara ya kwanza kijijini. Kufika kwa watu wengi kwa pamoja kulikuwa na maana ya haki pia. Utaratibu wa zamu huanza na aliye karibu na barabara, na Handeni haikuwahi kuwa ya kwanza katika zamu ya mtu yeyote. Ninachokihoji ni kuongeza namba bila kuandika orodha.

Make ina udhaifu mmoja ambao ni lazima niutaje, kwa sababu ni udhaifu wetu pia. Programu hii haisomi kilichomo ndani ya kitu. Inatazama tarehe yake. Faili likiwapo, na tarehe yake ni mpya kuliko ya vile linavyovitegemea, Make husema kazi imekwisha. Mafundi wanaosambaza mipangilio ya seva hulitumia hilo: halmashauri ikishapokea mipangilio, wanaunda faili tupu kama muhuri, Handeni tayari, Korogwe tayari. Hatari yake ni hii: amri ikikatika njiani na muhuri ukabaki, Make itauamini. Haitarudi tena Handeni, kwa sababu karatasi inasema Handeni tayari. GNU Make imeweka agizo maalumu la kulifuta lengo ambalo amri yake imeshindwa, ili uongo usibaki mezani, lakini agizo hilo halifanyi kazi lenyewe; lazima mtu aliandike.

Mwaka 1977 Mwalimu alieleza, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, kwamba watu zaidi ya milioni 13 walikuwa wanaishi katika vijiji 7,684. Ni tathmini ya kiungwana yenye kukiri mengi, na kila mwanafunzi wangu hulazimika kuisoma. Lakini tazama kilichohesabiwa: watu na vijiji. Mihuri. Kijiji kilikuwa kijiji pale watu walipokuwa wamefikishwa, wala si pale maji yalipokuwa yamefika. Na tofauti na seva, operesheni haikuwa na njia ya kurudi nyuma. Ukikosea mipangilio ya seva unairudisha ya jana kwa dakika chache. Mahali ambapo nyumba zilichomwa ili watu wasirudi, na zilichomwa katika sehemu nyingi za nchi, hakukuwa na jana ya kurudia.

Turudi kwenye halmashauri zetu. Mwaka wa fedha 2012/13 Epicor toleo la 9.05 liliunganishwa, na seva yake ikakaa Dodoma. Septemba 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua Dodoma PlanRep mpya ya mtandaoni pamoja na FFARS, mfumo wa uhasibu wa vituo vya kutolea huduma, kwa halmashauri zote 185 zilizokuwapo wakati huo. Hayo ni maendeleo, na atakayebisha amuulize mtumishi aliyewahi kulala stendi na nakala za bajeti. Sahihisho hufanywa mara moja, likafika kwa wote. Kosa nalo hufanywa mara moja, likafika kwa wote.

FFARS ni mfano mzuri wa mnyororo. Tangu 2017/18 fedha za vituo vya afya na zahanati hupelekwa moja kwa moja kituoni. Ili zahanati ya kijijini Korogwe ipokee na itumie fedha hizo kihalali, kituo lazima kiwe kimesajiliwa, kiwe na akaunti ya benki, akaunti hiyo iwe imeingizwa katika mfumo, mpango wake uwe umepitishwa katika PlanRep, kasma za mifumo yote miwili zifanane, na awepo mtu wa kuandika hesabu. Sehemu kubwa ya mnyororo huo iko kwenye seva na inaweza kusambazwa kwa sambamba katika usiku mmoja. Kiungo cha mwisho hakiko kwenye seva. Ni muuguzi au mganga ambaye asubuhi anazalisha na jioni anatakiwa awe mhasibu. Mfumo unaweza kuwa umesimikwa kikamilifu na muhuri umepigwa, huku hesabu halisi zikiwa katika daftari. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wakati wa Epicor zililikuta jambo la aina hiyo ngazi ya juu zaidi: moduli zilizolipiwa zisizotumika, na taarifa za fedha zikiandaliwa nje ya mfumo.

Kisha kuna tatizo ambalo Peter Miller, mtaalamu wa kompyuta kutoka Australia, alilieleza mwaka 1998 katika makala ambayo mafundi bado wanaisoma. Mradi mkubwa, alisema, hugawanywa katika vyumba, kila chumba na faili lake la Make. Kila faili ni sahihi kwa chumba chake. Lakini hakuna faili hata moja lenye picha nzima, kwa hiyo mategemeo yanayovuka kuta hayaonekani na yeyote. Watu hufidia kwa kurudia kazi mara mbili au tatu hadi ikubali. Msomaji aliyewahi kuingiza takwimu zilezile katika mifumo mitatu ya wizara tatu ataitambua hali hiyo. Rais Samia Suluhu Hassan ameagiza mara kadhaa kwamba mifumo ya serikali isomane, na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, ndiyo iliyobeba kazi hiyo. Kusomana ni neno zuri. Kwa lugha ya Miller maana yake ni faili moja lenye picha nzima, na faili hilo haliwezi kuandikwa na watu wa makao makuu peke yao, kwa sababu mategemeo mengi hayaonekani kutoka Dodoma. Afisa TEHAMA wa Handeni anajua kwamba siku ya gulio mtandao huelemewa. Mhasibu wa Korogwe anajua ni zahanati zipi akaunti zake zina majina yaliyokosewa tangu mwaka juzi. Maarifa hayo yapo vichwani mwao na katika makundi yao ya WhatsApp.

Si vigumu kuwauliza. Kila chombo cha kisasa cha kusambaza mipangilio kina njia ya kuanza na wachache: Ansible, kwa mfano, isipoambiwa vinginevyo hushughulikia seva tano tu kwa mpigo, na inaweza kuagizwa ikamilishe kundi moja kabla ya kugusa lingine. Handeni Mji na Korogwe Wilaya zingeweza kuwa kundi la kwanza mwaka huu, moja ya mjini na moja ya vijijini, wiki mbili kabla ya Julai, kwa kutumia ile n ya kuonyesha bila kugusa. Watakaoona kasoro waandike tegemeo lililokosekana, si malalamiko tu.

Bomba la HTM sasa linafanywa upya chini ya mradi wa maji wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, na maji yatatoka palepale, Mto Pangani, Korogwe. Madiwani wa Handeni wanaujua mnyororo huo kwa kila kiungo chake. Wanaulizia pampu, umeme na vipuri katika kila kikao, kwa sababu wameuishi. Kila mwaka madiwani haohao hupitisha bajeti ambayo usiku wa tarehe 30 Juni itaingizwa katika mifumo kwa amri moja, pamoja na za wenzao wote nchini. Orodha ya nini kinangoja nini katika usiku huo sijawahi kusikia diwani akiomba iletwe mezani.